CHAMA CHA WATAALAMU WA SAMAKI

Ndugu wasomaji, katika toleo hili twaomba ruhusa yenu tuseme habari ya kundi dogo la watumishi wenzetu ambao ni nadra kutajwa katika karatasi hizi. Hao ni watu wa uvuvi, ambao wenyeji wamezoea kumwita kila mmoja wao Bwana Samaki, pamoja na wenzao wachunguzi ambao kazi yao ni kupima maji na kuhesabu samaki. Karani ana karani mwenziwe kwenye meza ya pili. Mwalimu ana walimu wenziwe, na mganga ana wauguzi wa kumsaidia. Bali Bwana Samaki aliyepangiwa mwalo wa mbali aghalabu huwa peke yake. Akikosea, hana wa kumsahihisha. Akisema kweli, hana wa kumshuhudia. Basi swali letu leo ni hili: je, yawapasa watu hawa kuwa na chama cha kazi yao, na kama yawapasa, kiundwe kwa namna gani?

Huenda mtu akacheka na kusema, "Mpanda na samaki ni wapi na wapi?" Kweli, mji wetu ni mji wa nchi kavu. Reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua ililetwa huku kwa ajili ya madini ya risasi, wala si kwa ajili ya dagaa, na mgodi ule ulifungwa mwaka 1960. Lakini Mkoa wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kugawanywa Mkoa wa Rukwa, una maji pande mbili. Magharibi, katika Wilaya ya Tanganyika, ziko Karema na Ikola kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika. Kusini-mashariki liko Ziwa Rukwa, ambalo hupata sehemu ya maji yake kwa njia ya Mto Katuma upitao katika Hifadhi ya Katavi. Ingia katika soko la Mpanda siku yoyote, utaona mafungu ya dagaa wakavu na migebuka. Mama wa nyumba anayenunua fungu moja kwa watoto wake ana haki katika hesabu ya Bwana Samaki, hata kama hajapata kuliona ziwa.

Tuanze kwa kukumbuka asili yetu wenyewe. Mwaka 1922 marehemu Martin Kayamba na wenzake waliunda Tanga chama cha watumishi Waafrika wa Serikali. Walikuwa wachache, wametoka makabila mbalimbali, na dini zao hazikuwa moja. Kilichowaunganisha ni kazi, na tamaa ya kusimama pamoja katika mwendo wa maendeleo. Mwaka 1929 makarani na walimu wa Dar es Salaam nao wakasimamisha African Association, na mti ule ulizaa matawi ambayo kila mtu ayajua. Kwa hiyo hatuwezi sisi kuwa watu wa kuuliza kama chama kina faida. Tulizoea kula matunda yake kabla hatujajua aliyeupanda mti.

Hata hivyo, chama cha kazi ya elimu si sawa na chama cha watumishi, wala si chama cha wafanyakazi kidaicho mishahara. Chama cha watumishi hutazama hali ya mtumishi, yaani nyumba yake, likizo yake na heshima yake. Chama cha elimu hutazama kazi yenyewe, na swali lake la kwanza ni kama kazi hii ni ya kweli na kama ulimwengu waweza kuitegemea. Vyama hivi viwili ni ndugu, lakini kimoja hakiwezi kuvaa kanzu ya mwenziwe.

Tupate mfano wa mbali. Mwaka 1870, katika mji wa New York, watu wachache waliokuwa wakifuga samaki walikutana na kuunda chama chao. Hawakuwa madaktari wa vyuo vikuu. Wengi walikuwa watu wa mabwawa na vifaranga vya samaki. Mwaka uliofuata Serikali ya Marekani ikaunda Tume ya Samaki, na chama kile kikawa mwenzi wake wa mashauri kwa miaka mingi. Tangu mwaka 1872 kimekuwa kikichapisha taarifa za uchunguzi wa wanachama wake. Baadaye kilijiita American Fisheries Society, na mpaka leo kimegawanyika katika matawi ya majimbo na vikundi vya elimu mbalimbali, kina kanuni za adabu ya kazi, na hutoa hati kwa mtaalamu aliyethibitika. Jambo la kushika katika habari hii ni kwamba mlango wake ulifunguliwa kwanza na watu waliolowa maji miguuni, na wasomi wakaingia baadaye.

Sasa tutazame faida tatu ambazo chama cha namna hiyo chaweza kuleta katika nchi zetu. Tutazitolea ushahidi katika maziwa yetu wenyewe.

Faida ya kwanza ni ushujaa wa kusema kweli kwa pamoja. Wasomaji wote wamesikia habari ya sangara wa Ziwa Victoria. Kabla samaki huyo hajatiwa ziwani palikuwa na majadiliano makubwa. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mchunguzi aliyefanya kazi katika kituo cha Jinja, aliandika waziwazi kwamba si vema kumtia mlaji mkubwa namna ile katika ziwa lenye samaki wadogo wa aina nyingi. Yasemekana kwamba wengine walikwisha kutiwa kimya kimya tangu mwaka 1954; kisha wakatiwa hadharani mwaka 1962 na 1963. Miaka ya 1980 sangara walijaa, furu wa aina nyingi sana wakatoweka, viwanda vikajengwa, fedha za kigeni zikaja. Hatusemi kwamba sangara hakuleta mali, maana alileta, na maelfu ya watu wanaishi kwa yeye. Tunalosema ni kwamba shauri kubwa kama lile lilihitaji baraza la wataalamu wenye sauti moja, wenye kuweka hoja zote mezani mbele ya wavuvi na wakubwa. Sauti ya mtu mmoja, hata ikiwa ya kweli, huchukuliwa na upepo. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Faida ya pili ni kumbukumbu. Mwaka 1936 na 1937 wanawake wawili kutoka Uingereza, Kate Ricardo na Janet Owen, walichunguza samaki na uvuvi wa Ziwa Rukwa. Taarifa yao ilichapwa London mwaka 1939. Ni wangapi katika Katavi waliopata kuiona? Mwaka 1947 kituo cha uchunguzi wa samaki wa maji baridi kilisimamishwa Jinja kwa ajili ya Uganda, Kenya na Tanganyika. Kikafanya kazi miaka 30, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi ikashika njia yake. Tanzania iliunda taasisi yake ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, kwa sheria ya mwaka 1980, na kituo chake cha Ziwa Tanganyika kiko Kigoma. Baada ya hapo, tangu mwaka 1992, ukaja mradi mkubwa wa Shirika la Chakula la Umoja wa Mataifa uliosaidiwa na Finland, ambao ulizichunguza pande zote nne za Ziwa Tanganyika kwa pamoja. Mradi nao ukaisha, kama miradi yote.

Tazameni basi mwendo huu. Dola huondoka, jumuiya huvunjika, mradi hufika mwisho, mkubwa huhamishwa. Kila safari daftari hufungwa, na ajaye huanza ukurasa mpya kana kwamba hapana aliyehesabu samaki kabla yake. Chama cha kazi hakihamishwi. Wanachama hufa na kuzaliwa, lakini kitabu cha chama hubaki. Hesabu ya wavuvi iliyofanywa ziwa zima mwaka 1995 ilipata watu karibu 45,000. Ile ya mwaka 2011 ilipata karibu 95,000. Namba hizi mbili zina maana kwa sababu tu ya pili yaweza kulinganishwa na ya kwanza. Kama ile ya kwanza ingalipotea, ya pili ingalikuwa tarakimu tupu.

Faida ya tatu, ambayo kwetu Katavi ndiyo kubwa kuliko zote, ni kulirudisha jambo kwa mvuvi. Kwa mapatano ya nchi nne zinazogawana ziwa, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, uvuvi katika upande wetu wa Ziwa Tanganyika ulifungwa tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti mwaka 2024. Miezi mitatu! Mwenye kibali cha duka hawezi kuijua miezi mitatu ya mtu ambaye mtaji wake wote ni wavu, mtumbwi na taa. Pale Ikola na Karema, nani aliyesimama mbele ya watu kueleza sababu? Alikuwa mtumishi wa Serikali, mtu mmoja, mwenye waraka mkononi. Aliulizwa maswali ambayo waraka haukuyajibu. Je, dagaa wamepungua kwa sababu yetu, au kwa sababu ya maji? Je, miezi hii ndiyo wanayozaa? Je, tutaonyeshwa hesabu baada ya kufunguliwa?

Maswali hayo si ya ujinga. Ziwa letu lina kina cha mita zipatazo 1,470, la pili kwa kina duniani, lakini samaki wanaishi katika tabaka la juu tu, maana chini yake hewa ya kuvutia pumzi imekwisha. Chakula cha dagaa hutegemea upepo wa kiangazi uvurugao maji na kupandisha rutuba kutoka chini. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika kwamba joto la dunia limelifanya ziwa lisivurugike kama zamani, na wakakadiria kwamba samaki wangepungua kwa asilimia ipatayo 30. Miaka mitatu baadaye wataalamu wengine, miongoni mwao waliofanya kazi katika ule mradi wa Finland, wakajibu kwamba mabadiliko katika samaki waliovuliwa yatokana zaidi na namna ya uvuvi kuliko hali ya hewa. Watu hawa wote ni waaminifu. Walibishana kama wasomi wapaswavyo kubishana. Lakini ubishi wao uliandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ya Ulaya, na mvuvi wa Karema, ambaye riziki yake ndiyo iliyokuwa ikijadiliwa, hakupata hata neno moja. Wala Bwana Samaki wake hakupata. Basi awezaje kumjibu?

Hatusemi kwamba vyama havipo kabisa. Kwa bahari, kiko WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa magharibi ya Bahari ya Hindi, kilichoanzishwa mwaka 1993 na chenye makao yake Zanzibar. Kina mikutano, jarida na misaada ya uchunguzi, na kazi yake yastahili sifa. Kwa samaki wa Afrika nzima, umekuwapo ushirika uitwao PAFFA, ambao wataalamu wake walikutana Bujumbura mwaka 2013. Kwa serikali nne za ziwa letu, iko Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, iliyotokana na mkataba uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003. Vyote ni vyema. Lakini mikutano hiyo hufanywa mbali, nauli yake ni kubwa, na lugha yake si ya mwaloni. Mwandishi wa takwimu wa Ikola hawezi kuufikia ukumbi ule. Ajapoufikia, ataketi nyuma. Panahitajika ngazi ya chini, ambayo mguu wa mtu mfupi waweza kuikanyaga.

Basi twatoa mashauri haya kwa heshima, tukijua kwamba wenye kazi ndio watakaoamua.

Kwanza, uanachama usiwe wa wenye shahada peke yao. Aingie mchunguzi wa TAFIRI, aingie afisa uvuvi wa halmashauri, aingie aliyesoma Mbegani au Nyegezi. Pia aingie yule mwandishi wa kikundi cha usimamizi wa mwalo, ambacho wenyeji hukiita BMU, apimaye kikapu cha dagaa alfajiri. Yeye ndiye mwenye hesabu ya kwanza. Hesabu yake ikiwa ya uongo, hapana daktari awezaye kuiponya baadaye. Na wanawake waingie kwa haki sawa, kwani dagaa akishafika pwani, kazi ya kumkausha na kumuuza kwa sehemu kubwa ni yao, nao wajua mengi ambayo wavu haujui.

Pili, tawi litangulie makao makuu. Chama kianzacho na ofisi mjini na mwenyekiti mwenye motokaa mara nyingi hufa kabla ya kufika kijijini. Kianze na watu kumi au kumi na watano wa Mpanda, Karema, Ikola na upande wa Rukwa. Wakutane mara moja kila miezi mitatu, na wachague siku za mbalamwezi. Kwa maana mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, wavuvi hupumzika, na waandishi wa mwaloni hupata nafasi. Ratiba ya chama cha samaki na ifuate mwezi, isifuate kalenda ya ofisi.

Tatu, kila mkutano uwe na kazi moja ya elimu. Mmoja asome hesabu za mwalo wake, wengine wazikosoe mbele yake bila chuki. Hesabu hizo ziandikwe katika kitabu kimoja, nakala moja ikae Mpanda na nyingine ipelekwe Kigoma. Kila mwaka ichapwe karatasi ndogo kwa Kiswahili safi, ibandikwe mwaloni, isemayo mwaka huu tumepima nini, tumeona nini, na jambo gani bado tunalitafuta. Asiyeona haya kusema "bado tunatafuta" ndiye atakayeaminiwa asemapo "tumeona."

Nne, ada iwe ndogo, lakini ilipwe. Chama kiishicho kwa fedha za mfadhili hufa siku mfadhili anapopanda ndege. Mweka hazina asome hesabu mbele ya wote, na viongozi wabadilishwe kwa kura kila baada ya miaka miwili.

Tano, ziwepo kanuni za adabu. Mwanachama asibadili hesabu kwa kumwogopa mkubwa wala kwa kumpendeza. Asipokee kitu kwa mwenye nyavu haramu. Asimdharau mvuvi mbele ya watu. Akivunja kanuni hizi aonywe, na akirudia aondolewe, kwani samaki mmoja akioza huoza wote.

Twajua vipingamizi vitakavyoletwa. Wengine watasema, "Tu wachache mno." Tanga mwaka 1922 walikuwa wengi? Wengine watahofu kwamba Serikali itaona ni upinzani. Sisi twaona kinyume chake. Serikali iliyofunga ziwa miezi mitatu yahitaji kuliko mtu yeyote kujua kama kufunga kule kumefaa, na jibu la chama kisicho na cheo cha kupoteza lina uzito kuliko jibu la mtu mmoja mwenye hofu ya kuhamishwa. Wengine watauliza, "Posho ni kiasi gani?" Hao tutawajibu kwa upole kwamba wamekosea mlango. Anayekuja mkutanoni kwa ajili ya posho ataondoka siku posho itakapokwisha, na ni heri aondoke mapema.

Kiko kipingamizi kimoja ambacho hatuwezi kukidharau, nacho ni uchovu. Mtumishi wa mwaloni ana safari ndefu, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda hadi Karema. Boti haitoshi, mafuta hayatoshi, na wavuvi humwona kama askari. Kumwambia aongeze kazi ya chama juu ya kazi hizo ni kumtwika mzigo. Lakini tumwulize yeye mwenyewe ni mzigo gani ulio mzito zaidi, kukutana na wenziwe siku moja katika kila miezi mitatu, au kusimama peke yake mbele ya mwalo mzima wenye njaa, akitetea amri ambayo hakuelezwa sababu yake. Tulio na umri tumeona vijana wazuri wakiiacha kazi, wala si kwa uchache wa mshahara bali kwa upweke.

Ndugu zetu wa uvuvi, dagaa hawapigi kura wala hawaandiki barua kwa mkuu wa mkoa. Watu pekee wawezao kusema kwa niaba yao, na kwa niaba ya mtoto atakayekula ugali Mpanda miaka 30 ijayo, ni ninyi mnaowahesabu. Hesabuni kwa uaminifu, andikeni, someaneni, sahihishaneni, kisha mkaseme kwa sauti moja. Karatasi hii, ingawa ni ndogo na wino wake hufifia, i wazi kwa taarifa ya mkutano wenu wa kwanza. Twaingoja mbalamwezi ijayo.

Mhariri